Kipoza Sauti

Sikio la kushoto la Qabale Guyo lilivimba wiki ile ile ambayo keekee kubwa ya kituo cha Suguta, ile ya kuchimbia mvuke wa ardhini, ilikuwa inaukaribia mwamba wa moto. Daktari wa kituo alilichungulia, akalitia dawa, kisha akamwambia avue kipoza chake na asikirudishe mpaka uvimbe uishe.

"Nitafanyaje kazi bila kipoza, daktari?"

"Wewe ndiye uliyekiunda," daktari akacheka. "Utajua mwenyewe."

Qabale akatoka zahanati akiwa na masikio matupu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alidhani angesikia kelele za mitambo tu. Badala yake alisikia watu. Wapishi wawili walikuwa wakigombana kwa lugha asiyoijua, fundi mmoja aliyebeba mabomba alikuwa akilaani joto, na mahali fulani nyuma ya matangi mwanamke alikuwa akicheka kicheko kikubwa, cha tumboni, ambacho Qabale hakuwahi kukisikia pale kituoni. Alisimama kidogo kukisikiliza.

Kituo kizima kilizungumza kupitia kipoza. Kilikuwa kidude kidogo kama punje ya kunde, kinachokaa ndani ya sikio na kuifuta sauti halisi ya msemaji. Mtu aliposema kwa Kikorea, Kiturkana au Kireno, kipoza kiliyachukua maneno yake na kuyatoa kwenye sikio la mwenzake kwa lugha aliyoichagua huyo mwenzake. Na njiani kiliyapoza. Tusi liliondolewa. Hasira ilishushwa. Sauti iliyotetemeka ilinyooshwa. Wafanyakazi ndio waliokipa jina hilo kwa utani: duniani kuna vipaza sauti, wakasema, na sisi tumepewa kipoza sauti. Jina likashika hata kampuni ikalikubali.

Qabale alikuwa akielekea karakana yake aliposikia mtu akipiga kelele kwa Kioromo juu ya jukwaa la kuchimbia. Akasimama pale pale. Alikuwa amezaliwa Moyale, na Kiborana cha mama yake na Kioromo cha yule mtu ni matawi ya mti mmoja. Alielewa kila neno.

"Simamisheni! Mnanisikia? Simamisheni keekee! Tope linarudi likichemka, linatoa povu! Kuna watu chini! Mnataka kuwapika?"

Alikuwa Gemechu Tolera, mhandisi mkuu wa uchimbaji. Alishika redio kwa mikono miwili, na mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Qabale alifanya naye kazi kwa miaka miwili. Alimjua kama mtu mpole, msemaji wa taratibu, ambaye hakuwahi kumwona akipandisha sauti. Sasa alitambua kwamba hakuwa amewahi kumsikia kabisa.

Alipanda ngazi mbio. Kidole chake kilitafuta kipoza mfukoni, akakishindilia kwenye sikio zima la kulia.

"Gemechu, rudia ulichowaambia."

Gemechu akamgeukia, akamfokea kwa nguvu zote. Midomo yake ilikwenda kwa ghadhabu, mate yalimruka. Na ndani ya sikio la Qabale ikaja sauti tulivu, ya Kiswahili safi: "Ningependekeza, mkipata nafasi, tulitazame tope. Linaonekana lina joto kuliko kawaida. Tuwafikirie pia wenzetu walio chini."

Qabale akakichomoa kipoza kama mtu aliyegusa kaa la moto.

"Umewaambia mara ngapi?" akamuuliza kwa Kiborana.

Gemechu aliposikia lugha ya kwao ikitoka mdomoni mwake, uso wake ulilegea kidogo. "Tangu asubuhi, dada yangu. Kila nikisema, Han wa chumba cha mitambo ananijibu kwamba amelipokea na analithamini. Analithamini! Nimeanza kufikiri kwamba watu hawa hawana roho."

"Breki ya keekee huwezi kuivuta mwenyewe?"

"Breki iko kwao. Valvu ziko kwao. Lifti iko kwao. Mimi nina mdomo tu."

*

Bi Zuhura Makame, mkuu wa kituo, alikuwa mwanamke wa Pemba mwenye mwendo wa taratibu na macho yasiyopitwa na kitu. Alimsikiliza Qabale akiwa amesimama dirishani.

"Gemechu atakwenda kumwona Han ana kwa ana," alisema. "Nitampigia Han sasa hivi."

"Utampigia kwa kipoza, Bi Zuhura. Na Han atakusikia ukiwa umetulia."

"Basi kizuie kipoza kisipoze maneno ya Gemechu."

"Siwezi. Kupoza si kitu kilicho pembeni ya tafsiri, kwamba nikikate nikitupe. Mashine kwanza huuliza, mtu huyu angesemaje kama angekuwa ametulia? Jibu la swali hilo ndilo linalotafsiriwa. Niliiunda hivyo kwa sababu ndivyo ilivyofanya kazi vizuri. Nikizima kupoza, nimezima na tafsiri. Kituo kizima."

Bi Zuhura akageuka. "Ulikuja hapa baada ya vurugu, mwanangu. Hukuziona. Mtu alitaka spana, mwenzake akasikia tusi la mama yake. Nilimwosha damu kijana wa watu kwa mikono yangu hii, na mpaka leo hajui kosa lake lilikuwa nini. Kipoza chako kimenipa watu wanaokula meza moja. Unataka niwarudishe kule?"

Qabale alijua kwamba mama yule alisema kweli. Yeye mwenyewe alikulia kwenye mji wa mpakani, ambako neno moja lililotafsiriwa vibaya sokoni liliweza kufunga maduka ya mtaa mzima. Ndiyo maana aliiunda mashine ile. Alitaka watu wasiumizane kwa midomo.

"Sitaki kuwarudisha," alisema. "Lakini mtu akiogopa, woga wake ni habari. Tumekuwa tukiichuja habari hiyo tukiita ni adabu."

Kabla Bi Zuhura hajajibu, sakafu ilitetemeka chini ya miguu yao. Si kwa nguvu. Kikombe kilisogea mezani kikagonga sahani yake, basi. Wanawake wale wawili wakatazamana, kisha wote wakakimbilia chumba cha mitambo.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa kimetulia kama chumba cha kusomea. Han Do-yun, msimamizi wa zamu, aliketi mbele ya skrini, mgongo umenyooka. Alikuwa mtu makini, anayependwa, asiyewahi kukosea utaratibu. Alikuwa tayari amesimamisha keekee, kwa sababu mtetemo ni jambo ambalo vyombo vyake vilikuwa vimelifahamu. Mengine hakuyajua. Vipimajoto vya chini vilikuwa vimeungua kimoja baada ya kingine, na kipimo kilichoungua hubaki kikionyesha namba yake ya mwisho, ambayo ilikuwa nzuri.

Keekee ilikuwa imetoboa ufa uliojaa mvuke. Mvuke huo ulikuwa na njia mbili za kupita. Bomba la kwanza lilikwenda nje, bondeni, ambako hapakuwa na mtu. Bomba la tatu lilipita kando ya chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, na humo ndani Kahindo na mafundi wake walikuwa wakifunga mabomba ya kupozea. Kahindo alikuwa mwanamke wa Butembo, fundi bingwa wa kulehemu. Kicheko kile cha tumboni ambacho Qabale alikisikia asubuhi kilikuwa chake, kabla hajashuka.

"Kahindo ameita?" Qabale akauliza.

Han akasikiliza swali kupitia kipoza, akajibu kwa tabasamu la heshima, naye Bi Zuhura akamrudia Qabale jibu lile: "Anasema ndiyo, Kahindo ameomba lifti, kwa adabu. Ombi liko kwenye foleni. Mfumo umelipa uzito mdogo."

Qabale akaisogelea skrini. Ni yeye aliyeibuni foleni ile. Mashine ilipanga maombi kwa kupima dharura katika sauti ya mwombaji. Lakini ilipima sauti baada ya kuipoza.

Alichukua redio ya upepo iliyotundikwa ukutani, ile ya zamani isiyopitia mashine yoyote, akazungusha kitufe chake mpaka kwenye masafa ya watu walio chini. Kisha akamvulia Bi Zuhura kipoza sikioni kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo siku nyingine lingemfukuzisha kazi, akamwekea redio.

Kahindo alikuwa akipiga mayowe. "Tuko tunaungua huku! Mnisikie, basi! Ukuta iko inavuja moshi! Papa Mungu, kwa nini hawajibu? Lifti! Tumeni lifti!"

Nyuma yake wanaume walikuwa wakikohoa.

Bi Zuhura alifunga macho. Alipoyafungua, Qabale aliona kwamba ameipima hatari ya kuzima na ya kutozima pia. "Ukizima," alisema polepole, "watu wote waliomo kituoni watakuwa viziwi katikati ya hatari."

"Kiziwi anajua kwamba hasikii, Bi Zuhura. Sisi hatujui."

"Na mtu akifungua valvu isiyo yake?"

"Inawezekana. Sikuahidi kitu."

Mama yule akavuta pumzi. "Zima, Qabale. Mimi ndiye mkuu wa kituo, na neno ni langu. Zima."

Qabale akazima.

Kwanza kukawa na kimya cha ajabu. Kisha kelele zikapasuka. Kila redio, kila spika, kila mlango ulitema lugha yake. Wengine walianza kupiga kelele kwa hofu ya kutoelewa tu. Han alishika masikio yake, akaruka kutoka kitini, akasema jambo kwa Kikorea kwa sauti iliyopanda juu sana. Hakujua Kiswahili. Hakuwahi kukihitaji. Alikuwa na namba alizojifunza uwanjani wakicheza mpira, majina ya vyakula, na maneno machache ya kuombea njia kwenye korido.

Redio ikaleta sauti ya Gemechu kutoka jukwaani, kwa Kioromo, haraka haraka. Qabale akaielewa. Akamgeukia Han, akamshika bega.

"Han. Nitazame. Valvu tatu. Tatu. Funga."

Han akaonyesha vidole vitatu. "Tatu."

"Ndiyo! Funga tatu. Halafu moja, fungua."

"Tatu... fungua?" Mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

"Hapana! Funga!"

"Fungua," akasema Han, akitikisa kichwa kukubali, kidole kimeshagusa kitufe cha bomba la tatu, lile lipitalo ukutani kwa Kahindo.

Qabale akamdaka mkono. Akauona mtego ule waziwazi, mtego aliouzoea tangu utotoni bila kuutambua. Funga na fungua. Lugha nzima nzuri namna ile, na kati ya kuua na kuponya imeweka kisauti kimoja chembamba. Kwa sikio la Han lilikuwa neno moja.

Alitazama huku na huku. Akanyakua kikombe cha Han cha chai, akaufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja. "Ziba," akasema. Akanyanyua kiganja. "Achia." Akabandika tena. "Ziba." Akanyanyua. "Achia."

Macho ya Han yakapanuka. Akabandika kiganja chake hewani. "Ziba!"

"Tatu."

"Tatu, ziba." Akasubiri. Hakubonyeza. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, lakini alisubiri.

"Ndiyo. Tatu, ziba."

Akabonyeza. Taa ya bomba la tatu ikageuka nyekundu.

"Moja, achia," akasema Qabale.

"Moja, achia?"

"Ndiyo."

Kutoka bondeni ukaja mngurumo, na dirishani waliona nguzo nyeupe ya mvuke ikipanda juu ya mawe meusi. Gemechu akapiga yowe redioni. Bi Zuhura akamshika Qabale mkono kwa hofu. "Amesema nini?"

"Amemshukuru Mungu," alisema Qabale. "Anasema povu linapungua. Sasa lifti."

Lifti ilikuwa na kazi yake. Ilipaswa kusimama kwenye chumba cha Kahindo, si chini yake, ambako mvuke ulikuwa umeshatanda, na kamera zilikuwa zimekufa. Ilibidi Kahindo aseme kutoka kule chini, Qabale amwambie Han, Han arudie kwanza ndipo aguse. Hakuna aliyewafundisha utaratibu ule. Ulizaliwa mle ndani, kwenye zile pumzi za kusubiri. Bi Zuhura aliuona, akachukua kipaza sauti cha kituo kizima, akazungumza kwa Kiswahili kifupi kuliko alivyowahi kuzungumza maishani mwake: "Ukisikia, rudia. Hukuelewa, sema hapana. Usiguse kitu kabla ya kurudia." Akasema tena na tena mpaka wapishi jikoni wakaanza kuyarudia maneno yale kama kiitikio, na anayejua akamwelezea asiyejua kwa mikono.

"Dada," Kahindo akasema redioni, sauti imekwaruza, "iko inashuka. Nasikia kamba. Bado. Bado. Polepole... Simama! Simama hapo!"

"Simama," akasema Qabale.

"Simama," akasema Han, akasimamisha.

Han akaacha kidole chake juu ya kitufe, akingoja.

"Tumeingia," akasema Kahindo. "Wote. Vuta, dada. Vuta!"

*

Mafundi walitokea juu kwenye jua la adhuhuri wakiwa wamelowa jasho, nyuso nyekundu, wawili wakishikiliwa na wenzao, wote wakiwa hai. Kahindo alitoka wa mwisho. Alimkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, ambaye alikuwa mpishi kutoka Goa, wakalia pamoja kila mmoja kwa lugha yake.

Gemechu alishuka jukwaani akiwa na tope hadi kifuani. Alimpita kila mtu aliyetaka kumpa mkono, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Han.

"Mwambie," akamwambia Qabale kwa Kioromo bila kumtazama. "Mwambie nimemwita tangu asubuhi. Nimemwambia watu watakufa. Naye ananichekea. Mwambie kama mmoja wao angekufa, nisingemsamehe mpaka kaburini."

Qabale alihisi maneno yale yakiwa mazito mdomoni. Alijua kuyapunguza. Ulikuwa ufundi wake, na wakati ule ungekuwa rahisi, kwa sababu Han alikuwa akitetemeka tayari. Angeweza kusema, Gemechu alikuwa na wasiwasi sana. Lisingekuwa hata uongo.

Aliyasema yote, kwa maneno mafupi ambayo Han angeweza kuyashika, na kwa mikono pale maneno yalipopungua. Asubuhi. Alikuita. Watu watakufa. Wewe ukacheka. Wakifa, hakuna kusamehe.

Han aliyapokea moja moja. Mwishoni aliinama, akabaki ameinama kwa muda mrefu. Alipoinuka, machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyafuta.

"Mimi," alisema, akigusa sikio lake, "sikia... nzuri. Nzuri tu. Wewe hapana sikia." Akatikisa kichwa, akaanza upya. "Mimi hapana sikia wewe. Pole. Pole sana, ndugu."

Gemechu hakuhitaji tafsiri. Alisimama akimwangalia mtu yule ambaye kwa miaka miwili alimdhania kuwa ukuta. Kisha akampa mkono wake wenye tope, na Han akaushika kwa mikono yote miwili.

*

Jioni ile Bi Zuhura aliita watu wote kwenye bwalo la chakula. Kulikuwa na waliotaka kipoza kirudi hapo hapo. Seremala mmoja alisimama akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba yeye ni mtu wa hasira, na kipoza kimemfanya apendwe, na sasa anaogopa. Watu hawakumcheka. Qabale alisimama baada yake, akisita kila sentensi ili wanaojua wawatafsirie wenzao.

"Naweza kutengeneza mashine itafsiri bila kupoza," alisema. "Itachukua muda. Ikiwa tayari, mtasikia hasira, na mtasikia dharau, na nyingine hamtazipenda. Sitawadanganya. Mtu akikutukana, utamjibu mwenyewe, au utamleta mbele ya wenzake. Mashine haitasimama tena katikati ikisema kila kitu ni shwari."

Walinyoosha mikono. Wengi waliikubali. Seremala mwenyewe alikuwa kati yao, ingawa mkono wake ulipanda nusu.

Miezi iliyofuata, mashine mpya ikiwa bado inaundwa, haikuwa laini. Kulikuwa na ugomvi wa chumvi, ugomvi wa sala, na mtu mmoja aliondoka akisema hawezi kufanya kazi na washenzi. Lakini meza za chakula zilichanganyika kwa namna mpya, kwa kuwa watu walihitajiana. Wapishi walimfundisha Han Kiswahili kwa kumnyima mchuzi mpaka aombe sawasawa. Kahindo alifungua darasa la alama za mikono kwa ajili ya sehemu zenye kelele, na alimkaripia yeyote aliyepokea agizo bila kulirudia, hata Bi Zuhura.

Walipokuwa tayari kuchimba tena, Bi Zuhura aliitisha kikao cha wakuu wa idara. Ukuta mpya wa kisima ulikuwa umemwagwa saruji, wenye mradi walikuwa wakipiga simu kila siku, na yeye alitaka keekee iwashwe kesho yake.

"Kuna asiyeridhika?" akauliza, kwa namna ya mtu anayekusanya karatasi zake.

Han akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Qabale alitaka kumsaidia, akajizuia.

"Mimi sikubali, mama," alisema Han.

Kalamu zikasimama. Hakuna aliyewahi kumsikia Han akimkatalia mtu. Kwao, alikuwa amemweleza Qabale siku moja, mdogo hamwambii mkubwa hapana mbele ya watu. Alisema angeweza kufa kwa aibu.

"Hukubali nini?" Bi Zuhura akauliza, na sauti yake ilikuwa kali, kali kabisa, na kila mmoja aliisikia ilivyo.

"Saruji bado bichi ndani. Juu kavu, ndani bichi. Nimepima, nikapima tena. Ukichimba kesho, ukuta utapasuka." Akaweka karatasi za vipimo mezani. "Umekasirika. Naona. Lakini sikubali."

Bi Zuhura alimtazama. Taratibu, kona za mdomo wake zikaanza kupanda, kisha akacheka waziwazi, akapiga meza kwa kiganja.

"Saruji bado mbichi," alirudia, kila neno. "Tusubiri. Nimekusikia, Han Do-yun. Na nimekasirika kweli. Simu za wenye mradi utazipokea nami."

Walisubiri. Ukuta ulikauka, keekee ikashuka, na asubuhi moja yenye upepo mvuke wa Suguta ulipanda ndani ya mabomba yake kama ulivyokusudiwa, ukazungusha mitambo, na taa za kituo zikawaka kwa moto wa ardhi yenyewe kwa mara ya kwanza. Watu walimiminika uwanjani. Gemechu aliimba. Kahindo alimbeba Han mabegani, naye Han akapiga kelele kwa Kikorea, kwa Kiswahili, na kwa Kioromo alichojifunza jukwaani, chenye maneno mawili ambayo hayasemwi mbele ya wazazi. Qabale alizunguka katikati yao, masikio yote mawili wazi, akicheka hadi akashika mbavu. Na pale alipokosa neno la kusema, alipaza sauti tu, kama wengine.